Nyongeza ya Dobi

Dobi aliingia dukani kwangu mara tatu kabla hajafungua mdomo. Mteja wa namna hiyo namjua. Anataka kitu, na anaogopa uso wake usije ukamsaliti. Anashika pasi mbovu, anaigeuza, anairudisha. Anauliza bei ya feni asiyoihitaji. Lakini jicho linakwenda palepale, na la huyu lilikwenda kwenye baiskeli niliyoitundika ukutani nyuma ya mabegi. Ilikuwa baiskeli ya mashindano, imekonda kama imefungishwa saumu, matairi yake hayazidi upana wa kidole gumba. Niliipata kwenye mnada wa vitu vilivyotelekezwa ghalani, pamoja na majokofu mawili yasiyogandisha, na kwa miezi minane hakuna aliyeniuliza habari zake isipokuwa watoto waliotaka kupiga kengele. Haikuwa na kengele.

Mara ya nne akasema, "Mama, ile iliyoko juu inateremka?"

"Inateremka mtu akionyesha nia."

"Nia ninayo. Hivyo vingine ndivyo vinavyonisumbua."

Nikacheka, na mimi huwa sicheki na mteja kabla hatujaelewana. Mteja akishakuchekesha ameshakupunguza.

Wakati huo nilikuwa nauza vitu vilivyokwisha tumika: feni, majokofu, redio, vitanda. Chumba kikubwa cha pili, kilichoungana na duka, kilikuwa ukumbi wa kuonyesha mpira, viti arobaini na runinga moja kubwa, na dishi juu ya paa. Watu waliniita Mama Bei, nami nikaitika. Yeye alikuwa mpiga pasi kwenye kiwanda kidogo cha kufulia nyuma ya soko, kilichofua mashuka ya hoteli tatu. Alikuwa mrefu, amekaribia miaka arobaini, mikono imejaa alama za moto zilizopangana kama ngazi. Alinuka wanga. Jina lake alilopewa na wazazi sikuwahi kulisikia likitajwa. Hata baba yake alimwita Dobi.

"Unataka kubebea mashuka kwa hii?" nikamuuliza. "Itakatika katikati."

"Sibebei kitu. Nakwenda kushindana."

Ndipo akanipa habari za fulana. Kulikuwa na daktari mmoja mgeni, mama wa makamo, aliyekuja kila mwaka kufundisha hospitalini na kulala kwenye mojawapo ya zile hoteli. Mwaka uliotangulia alitoa fulana ipigwe pasi, yenye picha ya kubandikwa kifuani, laini kama mpira. Dobi, aliyezoea mashuka, akaipitishia moto uleule wa mashuka. Picha ikanasa kwenye chuma na kubanduka yote.

"Nikaenda kumwambia nitamnunulia nyingine," alisema. "Akaniambia haiuzwi. Wanapewa wanaomaliza tu. Unaogelea karibu kilomita nne, ukitoka majini unapanda baiskeli kilomita mia na themanini, ukishuka hapo unakimbia arobaini na mbili. Siku moja, bila kulala. Wanaita triathloni. Nikamwambia, basi nitakwenda kuichukua."

"Akasemaje?"

"Alicheka. Halafu akaniangalia, akaacha."

Daktari alikuwa mtu wa neno lake. Akamwandikia barua waandaaji wa mashindano ya huko ng'ambo, akamtafutia nafasi na tiketi ya ndege. Baiskeli akamwachia atafute mwenyewe.

"Na kuogelea unajua?"

"Najifunza. Meneja wa hoteli ananiruhusu bwawani kabla wageni hawajaamka. Mimi namnyooshea mashati yake."

Hapo nikajua kwamba sishughuliki na mjinga.

Tulivutana wiki mbili. Nilianzia juu, akaanzia chini, kila mmoja akajifanya anaondoka. Mwisho tukakubaliana: baiskeli yangu kwa runinga ya nyumbani kwake, pamoja na kufua na kunyoosha mapazia na vifuniko vya viti vya ukumbi wangu kwa mwaka mzima. Niliitaka na baiskeli yake ya mizigo. Akakataa katakata.

"Ukichukua ile, mama, umechukua kazi na mazoezi kwa mpigo."

Tulipokwisha kushikana mikono hakuniachia mkono. "Na nyongeza yangu?"

Kila anayejua soko hudai nyongeza, na kila muuzaji anayejua kazi yake hutoa kile kisichomgharimu. Nikamwambia ataje.

"Siku ya mashindano uniweke kwenye runinga kubwa. Baba akae kiti cha mbele. Mpaka nifike."

"Mpaka ufike," nikasema haraka, kama anayetupia ndizi moja juu ya kichane.

"Sisemi mpaka mshindi afike, mama. Mpaka mimi nifike. Mimi si mshindi. Kwa saa za hapa itakuwa kama saa kumi na moja jioni."

"Nimesikia, baba, nimesikia."

Na kweli nilisikia. Hilo nataka lieleweke tangu sasa.

Huyo baba yake alikuwa fundi cherehani aliyeacha kazi kwa sababu ya mgongo, si kwa sababu ya macho. Macho yalikuwa makali bado, na ulimi pia. Mke wa Dobi alishaondoka zamani, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanaume wawili na runinga, kisha nikaja na mkokoteni, ikabaki ya wanaume wawili. Mzee alikuwa amekaa kitandani akitazama mezani, pale ilipokuwa runinga, pamebaki mraba safi katikati ya vumbi.

"Mama Bei," akaniambia, "umewahi kuona mtu mzima anakimbia na hakuna anayemfukuza?"

"Sijawahi, mzee wangu."

"Na huyu kabla ya kukimbia anajitosa majini, na hakuna aliyemsukuma."

"Baba," Dobi akasema, "nitaleta medali."

"Medali hata chekechea wanagawa."

"Na fulana."

"Fulana si ya yule daktari? Au mimi nimeacha kushona, nishindwe kukushonea fulana? Mwanangu, mimi ninachokishika kwa macho ndicho ninachokiamini. Siku nikikuona umemaliza, siku hiyo nitafunga mdomo."

Dobi akanitazama mimi, hakumtazama baba yake. Ndipo nilipoielewa ile nyongeza. Fulana ilikuwa na mwenyewe, medali imeshadharauliwa. Kilichobaki cha kumletea mzee ni kuonekana tu, na kuonekana nilikuwa nako mimi, juu ya paa langu.

Mwaka ule nilimwona akijiandaa bila kuhitaji kuuliza. Asubuhi alipita na nywele mbichi kutoka bwawani. Mchana kutwa alisimama kwenye mvuke, na alisema joto la huko ng'ambo halitamtisha kwa sababu yeye analipwa kukaa kwenye joto. Jioni alipeleka mashuka kwa baiskeli ya mizigo, furushi nyuma limempita kimo, akipanda ule mlima wa hoteli bila kushuka. Baiskeli ya mashindano aliipanda Jumapili tu, na siku nyingine aliifunika kwa shuka. Watu walimtania. Kinyozi wa jirani yangu alikuwa akitoka nje na wembe mkononi kumpigia kelele: "Dobi! Mkia unakufuata!" Naye hujibu bila kugeuka, "Uzuie usinipite!"

Kutafuta mahali pa kuyaona hayo mashindano kulikuwa shughuli nyingine. Vituo vyetu vilikuwa na mpira, ndondi, na marudio ya mpira. Nikamwita Fundi Dishi, kijana mwenye maneno mengi aliyenifungia dishi langu, nikampandisha juu ya paa. Aligeuza dishi huku na huku siku mbili nzima, mimi chini nikipiga kelele: "Imekuja! Imeondoka! Rudi ulikotoka!" Tulipata watu wanaouza mapishi, tukapata mchungaji, tukapata mbio za farasi. Siku ya pili jioni kikatokea kituo cha michezo cha lugha ambayo hakuna aliyeijua, na chini ya kioo kikatangaza kwa picha: muogeleaji, baiskeli, mkimbiaji, na tarehe. Ilikuwa tarehe yenyewe. Dobi aliyekuwa amesimama mlangoni na vifuniko vyangu vya viti mikononi alivikumbatia vyote, akavikunja upya.

Kabla ya kuondoka alikuja kuniaga na kunionyesha fulana atakayokimbilia. Ilikuwa nyeupe, na mbele aliipiga mstari wa pasi kutoka begani hadi chini, umesimama kama ukingo wa karatasi.

"Mwanangu, hiyo itajikunja kwenye baiskeli."

"Ya majini na ya baiskeli ni nyingine. Hii naivaa nikianza kukimbia. Watu watakuwa elfu mbili, mama. Sura kati ya zote hizo mzee hataitambua kwenye kioo, ila mstari wa pasi atauona tu. Huo ameusema tangu nikiwa mdogo, kwamba ndio kitu pekee ninachokijua."

Sasa niseme lililonikaa rohoni. Siku hiyohiyo, saa kumi jioni, kulikuwa na fainali ya mpira. Nilijua mwezi mzima kabla. Ningeweza kumwambia, au kuazima runinga ya pili, au kuwaambia wapenzi wa mpira wakatazame kwingine. Sikufanya hata moja. Nilijiambia kufikia saa kumi mambo yatakuwa yameisha, na kama hayajaisha nitajua la kufanya.

Walianza kuogelea sisi tukiwa bado tumelala, maana huko walitutangulia kwa saa nne. Nilipofungua ukumbi saa moja asubuhi walikuwa tayari kwenye baiskeli, na kituo kikirudiarudia vipande vya majini: mamia ya kofia za mpira zikichemka kama maharage. Mzee alikuwa mlangoni kabla yangu, amevaa koti. Nikamkalisha kiti cha mbele, juu ya kifuniko alichokipiga pasi mwanawe.

"Yupi?" akauliza.

"Anaweza kuwa yeyote kati ya hao."

"Mwanangu si yeyote," akasema, akasogeza kiti mbele.

Alikaa hapo asubuhi nzima. Hakutaka chai. Kila akipita mtu mweusi kwenye kioo aliinua kidole, kisha akakishusha. Ilipofika saa tano na nusu hivi, mwanamume wa kwanza akamaliza, akashika utepe, akalia. Akaja mwanamke wa kwanza. Wakavishwa maua na medali, nyimbo zikapigwa. Ilipokaribia saa nane kamera zikaondoka barabarani, wakaonekana watu watatu mezani wakizungumza. Mmoja alionyesha saa yake ya mkononi, akatuelekezea kidole. Kikafuata kipindi cha tenisi.

"Anasema nini?" nikamuuliza Fundi Dishi.

"Anaaga. Imekwisha, mama. Si umeona wamevishwa?"

Lugha ile hakuijua kama nisivyoijua mimi. Lakini neno lake lilikuwa na maana. Mbio zote tulizokulia, za shule na za uwanjani, mshindi akishapatikana watu hukunja viti. Hatukuwahi kuona mahali ambapo wa mwisho wanangojewa.

"Tungoje," Mzee akasema.

Tukangoja tenisi. Saa tisa wapenzi wa mpira wakaanza kuingia, kinyozi mbele. Wakajaza viti, wakasimama ukutani. Wakaanza kupiga miluzi.

"Mama Bei, hivi vimipira vya manjano ndiyo fainali?"

"Mzee, shikamoo, tupishe basi tuone mpira wa wanaume."

Saa kumi kasoro dakika tano nilikuwa nimesimama na rimoti. Nilikumbuka "kama saa kumi na moja." Nisije nikasema nilisahau. Nilikumbuka, nikawatazama watu wangu arobaini na wengine waliosimama, nikamtazama mzee mmoja, na nikafanya nilichofanya maisha yangu yote, nikaenda kwenye wengi. Nikainama sikioni kwake.

"Mzee wangu, imekwisha. Huenda hawakumwonyesha tu."

Hakubishana. Aliinuka, akalinyoosha koti lake, akanyoosha na kile kifuniko cha kiti kwa kiganja.

"Nilijua," akasema, na akatoka. Kiti chake kilikaliwa kabla hajafika mlangoni.

Mapumziko yalipofika nikabonyeza rimoti kurudi kule kwenye tenisi. Sijui nilikuwa natafuta nini. Labda nilitaka kuhakikisha kwamba sikufanya kosa. Tenisi haikuwepo. Kulikuwa na usiku wa huko, taa kali, zulia jekundu, na watu bado wanakuja. Wanakuja wakichechemea, wanakuja wakilia, wanaume wenye vitambi, ajuza mmoja, na kila mmoja anapigiwa makofi kama mshindi. Yule mtu wa mezani hakuwa ameaga. Alikuwa ametuambia saa ya kurudi.

"Mama Bei! Umetuwekea sinema gani?"

Na hapo akatokea. Sura sikuiona vizuri. Niliona mstari wa pasi, kutoka begani hadi chini, umelowa na haujalala. Alikuwa akitembea kama aliyebeba furushi la mashuka. Hatua moja kabla ya kumaliza akasimama. Watu walimpungia aendelee, yeye akasimama, akaivuta fulana chini ikanyooka, akaitazama kamera sawasawa. Midomo yake niliisoma bila shida, maneno hayo tunayasema kila siku.

*Shikamoo, baba.*

Akangoja kidogo, kama mtu anayengoja kuitikiwa. Kisha akavuka.

"Si Dobi huyo?" kinyozi akasema nyuma yangu. "Jamani, si Dobi?" Lakini wenzake walishaanza kupiga meza, kipindi cha pili kinaanza, nami nikabonyeza rimoti. Simu za miaka ile zilikuwa za kupigia na kupigiwa tu. Hakuna aliyebaki na picha.

Kesho yake asubuhi nikaenda kwa Mzee. Nilimkuta kitandani akiitazama ile meza.

"Umekuja kuniuzia nini?"

Nikamwambia nilichoona. Hakunitukana. Akanitaka nirudie kuanzia mwanzo, pole pole. Fulana ilikuwa imeloa kiasi gani? Mstari ulikuwa umesimama? Alisimama kwa mguu upi mbele? Nikarudia mara tatu, kama shahidi.

"Kwa hiyo alinisalimia."

"Alikusalimia."

Akaugeukia ule mraba wa mezani, sasa umeshashika vumbi. "Marahaba," akasema. Kisha akanirudia mimi, na sauti ikawa ya sokoni. "Atakaporudi ataniuliza. Nitasema nilimuona. Na wewe utasema niliona."

"Na wewe, kwa kunisitiri, unataka nini?" Mazoea ni kitu kibaya. Neno liliponitoka nilikuwa nimeshachelewa.

"Runinga yangu," akasema.

Nikairudisha siku hiyohiyo. Dobi aliporudi, miguu imevimba, nikamwambia runinga yake ilikosa mnunuzi. Akaniuliza swali moja tu, amesimama palepale alipokuwa akigeuza pasi mbovu.

"Aliniona?"

"Alikuona."

"Alijibu?"

"Alijibu. Marahaba kabisa."

Alifumba macho. Nimeshauza vitu vibovu kwa watu wengi, nikalala vizuri, lakini usoni pa mtu sijawahi kuona ubovu wangu ukipokelewa kwa furaha ile. Fulana akamtumia daktari kwa posta. Medali akaitundika juu ya runinga, na Mzee hakusema neno la chekechea.

Iliendelea hivyo hadi alipokwenda kunyoa. Kinyozi hakuwa na ubaya, alitaka kumsifu. "Tulikuona, ndugu yangu! Mapumziko, Mama Bei kabadilisha, wewe huyo! Pole tu kwa Mzee, alikuwa ameshaondoka."

Jioni ile Dobi akaja na vifuniko vya viti, vimekunjwa vyote, akaviweka mezani.

"Mama, tulikubaliana nini mimi na wewe?"

"Baiskeli kwa runinga, na kufua mwaka."

"Na nini tena?"

Nikaanza kuvihesabu vile vifuniko.

"Na nini tena, mama?"

"Na nyongeza."

"Basi." Akapangusa meza mahali ambapo hapakuwa na kitu. "Baba asijue kwamba najua. Anajitahidi sana. Jana kaniambia hadi mguu uliokuwa mbele."

"Nikufutie miezi iliyobaki," nikasema. "Usifue tena."

"Usinifutie. Sehemu yangu naimaliza."

Akaimaliza. Miezi mitano, kila wiki, na sijawahi kuwa na viti vilivyonyooka vile. Mwaka ulipokwisha akaleta ya mwisho, akachukua kikapu chake, na hakuingia tena dukani kwangu. Mzee alikufa miaka miwili baadaye. Nilikaa nyuma msibani, nikamsikia Dobi akiwasimulia watu jinsi baba yake alivyomtazama siku nzima bila hata kunywa chai. Hilo la chai lilikuwa kweli.

Baiskeli ile bado anayo. Ameichomelea chuma nyuma, anabebea foronya na vitu vyepesi, na haijakatika. Akipita mbele ya duka hunisalimia kama kawaida, kwa sauti, kila siku, na hapunguzi mwendo. Nami naitikia. Ila baiskeli ile ni nyepesi, na neno langu linapotoka anakuwa ameshakata kona.